Fundi wa Spika Anunue Maikrofoni Gani?

Kisiwa hiki cha Unguja kinaishi na spika. Zipo misikitini, zipo kwenye harusi za Jang'ombe na maulidi ya Makunduchi, zipo kwenye daladala na kwenye mikutano ya hadhara ya Kibandamaiti, na nyingi kati ya hizo hazikutoka kiwandani zikiwa kamili. Fundi kakata plaiwudi mwenyewe, kapaka gundi, kafunga skrubu, kanunua besi na twita Mlandege au kaagizia Kariakoo zikaja na boti, kisha kaunga krosova, yaani kile kinachogawa sauti kati ya besi na twita, kwa koili na kapasita alizozipata. Mafundi hawa sasa wana kompyuta na programu za kupimia, na swali linalowasumbua ni la fedha. Mtu mwenye akiba ndogo, anayetaka kupima spika alizozichonga, aweke pesa zake kwenye maikrofoni nzuri, au kwenye priampu nzuri, yaani kile chombo kinachoikuza sauti hafifu ya maikrofoni kabla haijaingia kwenye kompyuta? Jibu langu ni maikrofoni, tena maikrofoni ya kupimia iliyokuja na faili lake la masahihisho, na priampu iwe ya kawaida kabisa. Sababu ni moja, nami nitaitetea kwa muda wote tulionao: kosa la priampu fundi anaweza kuligundua mwenyewe juu ya meza yake, kosa la maikrofoni hawezi.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kompyuta inapiga mluzi unaopanda polepole, kuanzia hezi 20, ambako mtu huhisi mtikisiko zaidi kuliko sauti, mpaka hezi 20,000, ambako watu wazima wengi hawasikii tena kitu. Mluzi ule unapita kwenye amplifaya, unatoka kwenye spika, unadakwa na maikrofoni, unakuzwa na priampu, unarudi kwenye kompyuta. Programu inalinganisha kilichotoka na kilichorudi, kisha inachora mstari: pale spika inapotoa sauti kwa nguvu mstari unapanda, pale inapolegea mstari unashuka. Njia hii ya mluzi aliieleza Angelo Farina wa Italia mwaka 2000, na leo programu ya Room EQ Wizard ya John Mulcahy, ambayo wengi wanaiita REW, inaifanya bila malipo kwenye kompyuta yoyote ya kawaida. Kazi iliyokuwa ya maabara za viwanda vikubwa iko mikononi mwa kijana wa Kwahani mwenye laptopu kuukuu. Lakini kompyuta haijui ni nani aliyeupinda mstari ule. Inaona jumla ya yote yaliyokuwamo njiani. Amplifaya, spika, chumba, maikrofoni, priampu na kadi ya sauti, kila kimoja kimetia mkono wake kwenye mchoro mmoja, na fundi anausoma akidhani anaisoma spika peke yake.

Makosa hayo hayalingani. Priampu ya bei nafuu ya leo, ile iliyomo ndani ya kadi ndogo ya sauti ya USB, hupotoka kwa sehemu tu ya desibeli moja karibu katika eneo lote tunalolisikia, labda inalegea kidogo kule chini kabisa kwenye hezi 20. Maikrofoni ya bei nafuu hupotoka kwa desibeli 2, 3 au zaidi, hasa juu ya hezi 5,000 na chini kwenye besi nzito, na maikrofoni mbili za jina moja, zilizotoka duka moja siku moja, hazipotoki sawasawa. Desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Basi fundi ambaye maikrofoni yake inazidisha desibeli 3 kwenye hezi 10,000 ataona mstari wa twita umepanda, atasema twita ni kali mno, ataitia rizista ya kuipunguza, mstari utanyooka, naye ataridhika. Spika yake itakuwa imefifia. Mng'aro wa nyuzi za qanun utazama, herufi za mwimbaji zitakuwa kama zimefunikwa nguo, na si kwenye spika moja tu, bali kwenye kila spika itakayotoka katika karakana ile. Ni kama jiwe la mizani lililopungua uzito: muuzaji wa Darajani anaweza kuwa mwaminifu kuliko watu wote, na bado kila kilo anayopima ikawa pungufu, mpaka aje mtu na jiwe jingine linalojulikana.

Hapo atatokea wa kusema kwamba maikrofoni ya kupimia ni ya matajiri. Zamani ilikuwa hivyo, na hata leo zile za maabara, kama za Brüel & Kjær wa Denmark, zikikamilika na vyombo vyake zinauzwa kwa maelfu ya dola. Kilichobadilisha mambo ni kazi iliyofanywa mwaka 1962 katika maabara za Bell, Marekani, na Gerhard Sessler, Mjerumani, pamoja na James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia. Wawili hao walitengeneza maikrofoni ya elektreti, ambayo ndani yake mna utando wa plastiki uliotiwa chaji ya umeme ikakaa humo humo miaka na miaka, badala ya kulishwa umeme mkubwa kila wakati. Kutokana na kazi yao vikapatikana vichwa vidogo vya maikrofoni, vyenye upana wa milimita 6 hivi, vinavyotengenezwa kwa mamilioni na kuuzwa kwa bei ya chini sana. Na katika kupima, udogo wenyewe ni ubora. Kwa joto la Unguja, wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3 na nusu tu. Kichwa kidogo kinalipisha bila kulisumbua, ilhali maikrofoni pana ya studio, ya milimita 25, inalizuia na kulipindisha. Mara chache sana fizikia inakuwa upande wa mtu mwenye pesa ndogo, na hapa iko upande wake.

Kwa hiyo fundi asidanganywe na maikrofoni ya kuimbia, hata iwe ya heshima namna gani. Shure SM58 iko majukwaani tangu mwaka 1966, na kwa kazi yake haina lawama. Lakini kazi yake ni kumpendeza mwimbaji: inasikiliza mbele zaidi kuliko nyuma, inanenepesha besi mdomo unapoikaribia, inanyanyua eneo la matamshi ili maneno yasikike juu ya ala, na karatasi yake yenyewe inakomea hezi 15,000. Ukipimia spika kwa chombo hicho, utakuwa unanyoosha spika kwa rula iliyopinda kwa makusudi. Kinachotakiwa ni maikrofoni inayosikia pande zote sawa, yenye pua nyembamba. Behringer ECM8000 inajulikana sana na ni nafuu, ila kwa kawaida huuzwa bila faili la maikrofoni ile ile uliyoishika mkononi. Dayton Audio EMM-6 na UMIK-1 ya miniDSP huja na namba yake iliyochapwa, na kwa namba hiyo unapata faili linaloonyesha maikrofoni hiyo, si dada yake, inazidi wapi na inapungua wapi. Programu inalisoma faili na kuyafuta makosa hayo kwenye mchoro. Ukiletewa ya mtumba iliyofutika namba, ichukulie kama maikrofoni isiyo na faili, na uilipie bei ya maikrofoni isiyo na faili. Tena fuata uelekeo: UMIK-1 ina faili la kuielekeza moja kwa moja kwenye spika na faili jingine la kuisimamisha ikitazama dari, na ukiyachanganya umejitia kosa lile lile ulilolipia pesa kuliondoa.

Sasa tuje kwenye priampu, na niieleze kazi yenyewe kwa ukaribu ili asiwepo wa kusema ninaidharau. Chukua kadi yako ya sauti, chukua waya mfupi, unganisha tundu la kutolea sauti na tundu la kuingizia. Hakuna spika, hakuna maikrofoni, hakuna chumba. Umeme unatoka na kurudi ndani ya kisanduku kile kile. Iambie REW ipige mluzi wake. Baada ya sekunde chache unauona mstari wa kadi yako tupu: kama umelala sawa kutoka hezi 20 mpaka 20,000, kadi ni nzima, na kama unashuka chini ya hezi 30, unaona unashuka kwa kiasi gani. Hifadhi mstari huo, na programu itautoa kwenye kila kipimo utakachofanya baadaye. Gharama ya ukaguzi wote huo ni bei ya waya. Kama unataka kuikagua sehemu ya maikrofoni peke yake, pitisha sauti iliyopunguzwa sana kwa rizista mbili kwenye tundu la maikrofoni, huku ile swichi ya volti 48 ikiwa imezimwa, na utaiona nayo. Nionyeshe ukaguzi kama huo kwa maikrofoni. Haupo. Maikrofoni haipimwi ila kwa sauti, na sauti inatoka kwenye spika, na spika ndiyo hiyo hiyo usiyoijua. Utazunguka hapo mpaka ipatikane maikrofoni nyingine inayojulikana.

Wapo wanaosema: tumekubali kuhusu unyoofu, lakini priampu ya bei nafuu ina mvumo, na mvumo utaharibu kipimo. Hoja hii nzito, basi tuihesabu. Maikrofoni nyingi za kupimia za bei ya chini hutoa karibu milivolti 10 kwa sauti ya paskali moja, yaani desibeli 94. Kichwa chake chenyewe kina kelele ya asili ya desibeli 30 hivi, ambayo kwenye waya ni kama mikrovolti 6. Priampu ya kawaida kabisa ya kadi ya USB ina kelele isiyofika mikrovolti moja. Kwa maneno mengine, maikrofoni inaifunika priampu mara 6 au zaidi kabla hata hujafungua dirisha. Sasa fungua dirisha Mji Mkongwe, Shangani au Malindi: vespa inapita kichochoroni, mtoto anaita, jenereta ya hoteli inanguruma, feni ya jirani inazunguka. Chumba chenye kelele ya desibeli 45 kinatia mikrovolti 35 kwenye waya ule ule. Anayelipa mara tatu ya bei ili kelele ya priampu ishuke kutoka nusu mikrovolti hadi robo atakuwa amenunua utulivu ambao mtaa wake hautamruhusu kuusikia. Dawa ya kelele ni kuurefusha mluzi: kila unapouzidisha mara mbili unapata nafuu ya desibeli 3. Nyingine ni kupima alfajiri baada ya sala. Na kama unasikia mngurumo wa hezi 50, huo ni umeme wa ukutani unaozunguka kwenye nyaya za ardhi. Ichomoe chaji ya laptopu, ifanye kazi kwa betri, na mara nyingi mngurumo unaondoka hapo hapo.

Priampu ina masharti yake, sikatai, ila hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi. Iwe inatoa ule umeme wa volti 48 ambao mafundi wanauita fantomu, kwa sababu elektreti nyingi za kupimia zinaishi kwa huo. Isiwe na mtambo wa kujipandishia na kujishushia sauti wenyewe. Iwe na matundu mawili ya kuingizia, moja la maikrofoni, la pili la ule waya wa kurudisha, ili kompyuta ijue hasa mluzi uliondoka saa ngapi. Bila hilo ni vigumu kuziweka besi na twita zikapiga pamoja kwenye krosova, na hapo ndipo spika nyingi za kuchonga zinapoharibika, karibu na hezi 2,000 au 3,000, kwenye kiini cha matamshi ya binadamu. Je, mikisa ya harusi itafaa? Inaweza kufaa, kama vitufe vyote vya besi na trebo vimewekwa katikati, swichi ya kukata besi imezimwa, na ekoo imefungwa kabisa. Lakini katikati ya kitufe si lazima iwe katikati ya umeme, basi ipime kwa waya mfupi kama tulivyosema kabla ya kuiamini.

Swali jingine linakuja hapo hapo: kama UMIK-1 inaingia moja kwa moja kwenye USB, priampu ikiwa ndani yake, kwa nini tujisumbue na visanduku viwili? Kwa anayeanza, au kwa anayepanga sauti kwenye kumbi na misikiti, namshauri aichukue hiyo na asiumize kichwa. Bei yake si kubwa kabla ya nauli na ushuru, faili lake lipo, na hakuna kitufe cha kusahau. Kwa mchongaji wa spika kuna upungufu mmoja wa kweli: haina tundu la pili la kutunzia muda. REW ina njia ya kuzunguka, inatumia spika nyingine kupiga alama ya sauti kabla ya mluzi, nayo inafanya kazi ukiwa makini na usipoisogeza spika ile ya alama. Ila jambo la pili linanielemea zaidi nikifikiria Unguja: chumvi na unyevu vikiua kimoja, umepoteza vyote viwili. Maikrofoni ya waya ikifa, kadi inabaki. Kadi ikifa, maikrofoni na faili lake vinabaki, na kadi nyingine utaipata Dar es Salaam wiki hiyo hiyo.

Nimeiacha kwa makusudi hoja yenye uzito kuliko zote, nayo ni ya sikio. Hiki ni kisiwa cha Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoasisiwa mwaka 1905, na cha Culture Musical Club. Watu wake wamesikia fidla, udi na qanun bila spika yoyote kati yao na mpigaji. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kinafundisha ala hizo tangu mwaka 2002. Sikio lililolelewa hivyo linaijua fidla halisi, na spika ikisema uongo linaukataa. Kwa nini basi fundi awe na kompyuta? Kwa sababu sikio linajua kwamba kuna kasoro lakini haliwezi kusema ni koili ipi. Linasema sauti ya mwimbaji imebanwa. Halisemi kwamba besi na twita zinapingana kwenye hezi 2,400 na waya mmoja ugeuzwe. Tena sikio linazoea. Mtu akikaa na spika iliyofifia mwezi mzima, spika nzuri itamchoma. Na lina udhaifu mwingine uliopimwa na Fletcher na Munson huko Marekani tangu mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio linaisikia besi pungufu. Fundi anayerekebisha spika usiku, kwa sauti ya chini ili asiudhi majirani, ataongeza besi mpaka aridhike, kisha kesho yake kwenye harusi, sauti ikipandishwa, besi itawafunika waimbaji wote. Kipimo kingemwonyesha hilo kabla hajatoka nyumbani. Sikio libaki hakimu wa mwisho, na fundi asiyeliamini asichonge spika. Kipimo kinaleta ushahidi mbele yake.

Simu ya mkononi je? Ndiyo maikrofoni iliyo mfukoni mwa kila mtu, na programu za kupimia zipo. Simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Nyingi hukata besi ili upepo na mtikisiko wa mkono visisikike, nyingi huchuja kelele zenyewe bila kuuliza, na muundo hubadilika toleo kwa toleo. Inafaa kwa kulinganisha tu: spika ya kushoto na ya kulia, zikiwa zimewekwa mahali pale pale, zinafanana au hazifanani? Hapo kosa la simu linaingia kote kuwili na kujifuta. Ukitaka kujua spika ni nyoofu au la, simu haiwezi kukwambia.

Mpinzani makini zaidi atasema kwamba yote haya ni bure, kwa sababu chumba kinaharibu kipimo kuliko maikrofoni yoyote. Ana haki katika nusu ya maneno yake. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama nusu mita, na upana wa vyumba ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ndiyo maana vingi vina upana usiozidi mita 3 hivi. Chumba cha mita 3 kinavimbisha sauti karibu na hezi 58, kwenye besi pale pale, na kuta zile zinarudisha karibu kila kitu. Lakini kosa la chumba nalo ni la aina inayogundulika. Sogeza spika, kosa linasogea. Toka nje, kosa linaondoka. Ipandishe spika kwenye meza na ngazi mpaka twita iwe mita moja na nusu kutoka chini, weka maikrofoni mita moja mbele yake kwa urefu huo huo, katika uwanja usio na ukuta wa karibu: sauti inayodunda ardhini itafika ikiwa imechelewa milisekunde 6 hivi, na programu inaweza kukata kipimo kabla haijafika. Kilichobaki ni spika tupu, kuanzia hezi 160 kwenda juu. Chini ya hapo, tumia njia aliyoieleza D. B. Keele mwaka 1974: sogeza pua ya maikrofoni karibu na katikati ya koni ya besi, pengo lisifike hata sentimita moja kwa koni ya inchi 6 na nusu, na chumba kinanyamaza kwa sababu koni imekuwa na sauti kubwa kuliko mwangwi wote. Punguza priampu unapofanya hivyo. Hapo karibu sauti inaweza kupita desibeli 110. Chagua pia siku. Wakati wa kusi, mchana wa Paje na Jambiani si wa kupimia, hata kwa sponji ya kuzuia upepo. Alfajiri ya shwari upande wa magharibi ni wakati mzuri kabisa. Kosa la maikrofoni, kwa upande wake, utalibeba chumbani, uwanjani na mbele ya koni, na halitabadilika hata kidogo ili likuonye.

Limebaki la unyevu, na hapa maelekezo ya nchi za baridi hayatusaidii sana. Hewa yetu mara nyingi ina unyevu unaozidi asilimia 75, masika ukizidi, na karibu na pwani ina chumvi. Utando wa elektreti haupendi hata kimoja. Iweke maikrofoni kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya punje za kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na vipakiti uvibadilishe vikizeeka. Usiitoe kwenye chumba cha kiyoyozi ukaanza kupima nje hapo hapo, maana itatoka jasho. Iache kwenye kopo mpaka ipate joto. Kisha chagua spika moja ndogo isiyoguswa, usiipige ngoma, usiibadilishe chochote, iwe ya ushahidi tu, na kila mwezi uipime mahali pale pale. Mstari ukianza kuhama, umejua kwamba kuna kitu kimechoka. Utaratibu huu unakuonyesha mabadiliko, lakini hauwezi kukwambia kama maikrofoni ilikuwa sahihi siku ya kwanza.

Ndiyo maana suala hili halimalizwi na fundi mmoja mmoja, na ndiyo maana naomba kitu mahsusi. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia ipo Mbweni, na Taasisi ya Viwango Zanzibar ipo kwa ajili ya vipimo. Mojawapo ikiwa na maikrofoni moja ya daraja la maabara, na kile kifaa kidogo cha kuihakiki kinachotoa desibeli 94 kwenye hezi 1,000, kila fundi wa Unguja na Pemba angeweza kuleta yake. Inapimwa spika moja kwa maikrofoni ya taasisi, kisha bila kugusa kitu inawekwa ya fundi mahali pale pale, na tofauti ya mistari miwili ndiyo faili lake la masahihisho. Kwa mtu aliyezoea, kazi hiyo haichukui saa nzima. Hata ECM8000 isiyo na karatasi ingeondoka pale ikiwa chombo cha kuaminika, na ya mwaka jana ingerudi kuangaliwa kama masika yameigusa. Wahusika wa taasisi hizo mbili kama mnatusikiliza, gharama yake ni ndogo kuliko ya spika za ukumbi mmoja. Nanyi mafundi, mkiwa mmeshapanga pesa zenu kwa ajili ya priampu ya fahari, zirudisheni mfukoni, mnunue kwanza maikrofoni yenye namba na faili lake.